Kamba ya Mbuzi na Mtambo Usiokuwapo

Nianze na kosa lenyewe, mwanangu, usije ukasema mzee huyu anazunguka. Nilipokea kamba ya mbuzi ambaye hakuletwa kwangu, na kabla ya hapo nilimbunia dada yangu mtambo ambao haupo duniani. Siku ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyolikumbuka jedwali la elementi, na hilo mwalimu wangu wa kemia atakuthibitishia bila kuulizwa mara mbili.

Nakuita mwanangu na wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha nne. Najua hesabu hiyo hainifanyi mzee. Lakini hapa shuleni kwetu Msambweni, mtu aliyekula maharagwe ya jikoni miaka mitatu na meno yake yakabaki kinywani ana haki ya kutoa nasaha. Basi kaa, mambo ya maana hayasikilizwi kwa kusimama mguu mmoja.

Nilikuwa kidato cha tatu. Shule ilikuwa imeandaa siku ya wazazi, na Mwalimu Mutua, yule wa fizikia aliyetoka bara, aliniita ofisini akanipa karatasi kubwa nyeupe na kalamu tatu za rangi.

"Beka, sikia," alisema. "Nataka bodi ya wahitimu mashuhuri wa chuo kikuu cha teknolojia. Watu sita. Picha, jina, na kile amefanya. Ikuwe tayari Ijumaa. Na usiniletee mchezo."

Mtu anayejulikana kwa mchezo akiambiwa asilete mchezo, mwanangu, huwa amekumbushwa.

Nilitafuta kwenye kompyuta ya maktaba. Wahitimu watano niliwapata bila taabu. Mmoja anasimamia ujenzi wa madaraja, mwingine ni mkuu wa mitambo ya umeme wa upepo. Mama mmoja alibuni programu ya simu inayowapangia wagonjwa foleni ili wasiamkie mlangoni pa daktari. Mmoja ni profesa. Wa tano ana kampuni ya lifti, yaani kazi yake ni kupandisha watu, na picha yake imepigwa kutoka chini. Wote wamevaa suti. Wote wanatazama pembeni kidogo, kana kwamba mafanikio yao yamesimama hapo kando yakisubiri kusalimiwa. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa Jumanne ya kawaida hufanya nini.

Wa sita sikumpata. Kusema kweli sikumtafuta, kengele ya chakula ilikuwa imelia. Nikamkumbuka dada.

Dada Mwanamisi alihitimu chuo hicho hicho. Kazi yake ni kupima maji yaliyo chini ya ardhi. Hupigilia vigingi vinne vya chuma ardhini, akavuta nyaya ndefu za manjano, akaziunganisha na kisanduku chenye betri, kisha akaandika tarakimu kwenye daftari mpaka jua limuunguze shingo. Mwishowe huwaambia wenyeji wachimbe wapi, au wasichimbe kabisa. Kuchimba kisima kirefu hula mali ya kijiji kizima, na ukichimba ukapata chumvi, mali hiyo imekwenda na hairudi. Kwa hiyo dada hana mtaji mwingine kule bara ya Kinango ila kuaminiwa. Akisema hapa, watu wanauza ng'ombe. Akisema si hapa, wanamtazama kwa huzuni lakini wanamwitikia. Hili ulishike, mwanangu, maana ndilo nililolichezea.

Nilibandika picha yake amevaa kofia ngumu ya manjano. Chini yake ingetosha kuandika kwamba anapima maji. Lakini pembeni ya daraja na umeme wa upepo niliona maneno hayo yamekonda. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Mhandisi Mwanamisi amevumbua mtambo unaovuta maji matamu kutoka katika ardhi yoyote, hata ya chumvi, bila kuchimba." Nikaongeza namba yake ya simu kwa maelezo zaidi. Kisha nikaenda kula maharagwe.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikichukua chema nikakivisha viatu nikakitembeza.

Siku ya wazazi ilifika. Mwalimu Mutua alikuwa ameipitia bodi kwa haraka, akahesabu picha zikafika sita, akaridhika. Mbele ya bodi hiyo alisimama mzee mmoja aliyetoka upande wa Kinango, Mzee Ndurya, babu yake Tsuma, mtoto wa bweni aliyekuwa kidato cha kwanza. Mzee hakuja na miwani. Alimwambia mjukuu wake amsomee wote sita. Alipofika kwa dada, akasema, "Huyu namjua. Huyu ni yule binti wa nyaya. Rudia." Tsuma akarudia. "Rudia tena." Akarudia tena. Mimi nilikuwa nyuma yao nikijiuma mdomo nisicheke.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, baba alikuwa Ramisi kwenye miwa, mama amepeleka sare alizoshona sokoni Kombani, na dada yuko kazini Diani. Nilikuwa peke yangu nyumbani nikifua soksi kwa mguu. Nikasikia hodi. Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na babu, tena wanne.

Walikuwa Mzee Ndurya na wenzake watatu, na mbuzi mmoja mweupe mwenye sikio jeusi. Niliwaamkia shikamoo, nikawatolea viti na maji ya kunywa. Walikunywa polepole. Niliona kila mmoja alivyokitazama kikombe kabla ya kukirudisha, kama mtu anayesoma barua. Wakati ule sikulitilia maanani.

"Mjukuu wangu," alisema Mzee Ndurya, "tulikuwa na namba ya simu ya dadako, lakini jambo la maji haliombwi kwa simu. Tsuma katuelekeza kwenu, tumekuja kwa miguu yetu na mbuzi wetu. Mwambie tunauomba ule mtambo uanzie kwetu. Kisima chetu ni chumvi, ng'ombe wenyewe wanakinusa wakarudi."

"Nitamwambia, babu."

"Kwetu sisi, mtu akikabidhiwa kamba ya mbuzi, amekabidhiwa na maneno. Akiipokea, amekubali. Asipoweza, huiacha kamba chini, na hakuna anayemlaumu. Unanielewa?"

Nilimwelewa, mwanangu. Mimi si mjinga, mimi ni mpuuzi, na watu hao wawili hawaishi nyumba moja. Ningeweza kuiacha ile kamba ikaanguka mchangani, nikasema babu, ile bodi ni utani wangu. Yangekuwa maneno sita, na mwisho wake wangenichapa kwa macho tu. Lakini nilimtazama mbuzi, nikaona pilau. Nikawatazama wazee, nikaona aibu. Baina ya pilau na aibu, kijana wa miaka kumi na sita hakawii.

Nikaipokea kamba kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Atakuja lini?" akauliza mmoja wao.

"Alhamisi," nikasema. Sijui kwa nini Alhamisi. Uongo hupenda kuwa na tarehe.

Mama aliporudi alimkuta mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya jiko akitafuna ukingo wa kanga yake. Nilimwambia ni wa rafiki yangu Tsuma, anakaa kwetu kidogo, Tsuma yuko bweni na hana pa kumweka.

Mama akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Na huyu naye anasoma kidato cha ngapi?" akauliza, akaingia ndani kuvua buibui. Hakuuliza tena. Mama ana tabia ya kukuacha na uongo wako ukue mpaka ukushinde kuubeba.

Alhamisi ilikuja ikapita. Niliitazama ikipita nikiwa kwenye kipindi cha hisabati, na kwa kuwa hakuna lililoanguka kutoka mbinguni, nikadhani mambo yamekwisha.

Jumamosi tulikuwa tumekaa mkekani tunakula mihogo ya nazi, mama, dada na mimi. Simu ya dada ikalia. Mikono yake ilikuwa na nazi, akaibonyeza kwa kiwiko ili sauti isikike nje.

"Binti yangu, hujambo? U mzima?" Ilikuwa sauti ya Mzee Ndurya.

"Sijambo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Alhamdulillahi kama u mzima. Tulidhani umepata ajali njiani. Tumekungoja tangu Alhamisi, na mtu aliyepokea kamba haachi kuja ila awe amepatwa na jambo. Zamu yetu ya boza, lile lori la maji, tuliwaachia wa kijiji cha pili. Tuliona si adabu kumngoja mgeni wa maji huku tumepanga madumu kwenye boza. Sasa leo siku ya tatu, watoto wanalilia maji. Lakini madhali u mzima, si neno."

Dada akaacha kutafuna. Aliugeuza uso wake polepole, kwanza kwa yule mbuzi mwenye sikio jeusi, kisha kwangu.

"Nakuja sasa hivi, babu," akasema.

Hakunipiga, mwanangu. Aliniuliza maswali matatu, nikayajibu yote matatu kwa ukweli, akanawa mikono. Alimpigia simu dereva wa boza, akambembeleza kwa dakika nyingi mpaka akakubali kupitia kule saa kumi jioni. Kisha akasema, "Mfungue huyo mbuzi. Mpandishe nyuma ya pikapu yangu ya kazi. Na wewe panda huko huko nyuma, mwenzako asione upweke." Mama alisimama mlangoni akatutazama tukiondoka. 

Kule kijijini nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, labda na fimbo. Nilichokuta ni ua. Walikuwa wamefyeka kichaka, wakasawazisha ardhi, wakafagia, halafu wakazungushia miiba ili ng'ombe wasije wakaugusa mtambo. Wameacha na lango upande wa barabara, upana wa kupita gari. Ndani ya ua hakuna kitu, ila alama za ufagio. Madumu ya manjano yalikuwa yamepangwa nje kwa mstari, kila moja limefungwa kitambaa cha mwenyewe, na watu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa shule ya msingi.

Dada aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, akiniita jina langu kamili kama anayenituma chumvi, "Haya, Bakari. Ingia ndani ya ua, simama pale ulipoutengeneza mtambo wako. Uwaeleze."

Nikaingia. Nikasema. Nilisema kwamba hakuna mtambo, dada hajui lolote, bodi niliandika mimi, kamba niliipokea mimi, na Alhamisi niliizua mimi.  Bibi mmoja aliyekuwa amekalia dumu lake akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kwani mtambo wenyewe ndio huyu?" akauliza.

"Ndio huyo," akajibu Mzee Ndurya.

"Basi una kelele, na hautoi maji."

Walicheka, na mimi nikadhani nimeokoka. Lakini kicheko kile kilikuwa kifupi. Kijana mmoja mwenye jembe begani akasimama akamkabili dada.

"Mwaka jana ulipima hapa ukatuambia tusichimbe, chini ni chumvi. Tukakuamini, tukaacha. Haya, na hayo nayo yaliandikwa na huyu kakako?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Boza lingekuja jioni, kiu ingekatika. Lakini swali lile lilikuwa limekaa usoni pa kila mtu pale kivulini, hata Mzee Ndurya alikuwa ameinamisha macho, na swali la namna hiyo halikatwi na boza. Kama neno la dada la mwaka jana lilikuwa na shaka, basi mwezi ujao wangeuza ng'ombe wakachimba, wakapata chumvi, na asingekuwapo wa kuwazuia.

Dada hakujitetea. Alikwenda kwenye pikapu akatoa vigingi, nyundo, nyaya na kile kisanduku. Akanipa mimi nyundo. Tulipima mbele yao, kutoka kwenye ule ua hadi karibu na korongo, mimi nikipigilia, yeye akivuta nyaya na kuandika, yule kijana wa jembe akimfuata nyuma akitazama kila tarakimu. Ilichukua muda mrefu. Viganja vyangu viliota malengelenge, na hakuna aliyeniuliza habari zake. Mwishowe dada alifunga daftari akaja mbele ya wazee.

"Ni chumvi," akasema. "Mwaka jana nilisema chumvi. Leo mmekaa na kiu siku tatu kwa ajili ya jina langu, natamani kuwaambia kitu kingine, na bado nasema chumvi. Hata kesho mkinichinjia ng'ombe nitasema chumvi. Mkitaka maji matamu, fukueni silanga, bwawa lenu lile lililojaa tope, mvua ikija lishike maji. Sina mtambo mwingine."

Yule kijana akaweka jembe chini. Mzee Ndurya akainua kichwa.

"Ni yeye," akasema. "Mwongo angetupatia maji leo."

Kisha akanigeukia mimi, na haya ndiyo maneno niliyokuja kukupa, mwanangu. Mengine yote yalikuwa njia tu ya kuyafikia.

"Mjukuu, hatukukasirikia uongo. Uongo tumeuzoea, kila msimu wa kura huja hapa na gari na spika. Lakini wale hatujawahi kuwafyekea kichaka. Huyu dadako tulimfyekea kwa sababu aliwahi kutwambia neno chungu, nalo likawa kweli. Wewe umelichukua jina hilo ukalitia asali. Nani alikwambia lilikuwa halina ladha?"

Nikaenda kwenye pikapu nikamfungua mbuzi.

Nilijaribu kumrudisha mbuzi. Mzee akakataa kuipokea kamba. "Mbuzi alitolewa kuombea maji," akasema. "Maji yaliyopo ni ya silanga, na silanga linataka jembe. Aliyeshika kamba ndiye atakayeshika mpini." Likizo iliyofuata nilikaa kule wiki nzima nikichimba tope pamoja nao, nikilala kwa akina Tsuma. Tsuma alikuwa akinipita na karai kichwani akiniita Mhandisi. Siku ya mwisho mbuzi alichinjwa kwa ajili ya wachimbaji. Pilau ilipikwa kweli, na mimi nilipewa sahani kama wengine, ila juu yake waliniwekea lile sikio jeusi.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, nami sitazirefusha, kwa kuwa hata wewe una maharagwe yanayokungoja. Ukimsifu mtu, mpe alichokifanya, ukomee hapo. Mama yangu mshonaji hunipa mfano huu: sare ikiwa kubwa kuliko mwili, mtoto ndiye anayejikwaa, fundi hayupo. Ukiwaona mashuhuri kwenye bodi, uliza walifanya nini siku ambayo hapakuwa na mpiga picha. Na ukinyooshewa kamba usiyoiweza, iache ianguke. Aibu ya kamba iliyoanguka ni ya dakika moja. Mungu akupe jina linalokutosha, lisikubane wala lisikuburuze, na kabla hujalistahili, asikupe ndugu mwenye kalamu nyekundu.

Nilisahau kukwambia habari za bodi. Niliomba ruhusa kwa Mwalimu Mutua, nikabandika karatasi juu ya maneno ya mwanzo nikaandika mengine: "Mwanamisi hupima maji ya ardhini upande wa Kinango. Mahali penye maji matamu huwaambia watu wachimbe. Mahali penye chumvi huwaambia wasichimbe, hata wakiwa na kiu, hata wakimchukia. Hajavumbua kitu." Mwalimu alisoma, akajikuna kidevu, akauliza kama nina hakika na sentensi ya mwisho. Nikamwambia ndiyo niliyoipigilia kwa nyundo.

Mama alikuja mwisho wa muhula uliofuata likizo ile kuchukua ripoti yangu, ambayo tusiizungumzie. Alisimama mbele ya bodi, akawapita wa daraja na wa umeme na wa lifti, akafika kwa dada. Husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza alirudia tangu mwanzo, kisha akaipangusa picha vumbi kwa ncha ya buibui lake.

"Huyu ndiye niliyemzaa mimi," akasema. "Yule wa kwanza ulimzaa wewe, ukamlea kwa jembe wiki nzima."